Mji Mkongwe Ulio Mlangoni Petu: Ziara ya Magofu ya Kunduchi



Ni desturi ya watu wa mji mkubwa kudhani kwamba mambo ya kale yako mbali. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kuyaona hukusanya nauli, akaabiri chombo kwenda Unguja, au akafunga safari ya Kilwa. Na mwenye uwezo zaidi huenda akapanda ndege mpaka Misri kutazama piramidi. Hatusemi kwamba safari hizo ni mbaya, la hasha. Qurani Tukufu imewahimiza watu, si mara moja, watembee katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Lakini himizo hilo halikuwekewa masafa. Aliye Temeke au Kinondoni aweza kulitekeleza kwa nauli ya daladala, na akarudi nyumbani kwake kabla ya Magharibi.

Mahali tulipokwenda sisi ni Kunduchi, katika wilaya ya Kinondoni, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya kitovu cha mji. Wengi wetu twaijua Kunduchi kwa samaki wake na kwa hoteli zilizo ufukweni. Wachache ndio wajuao kwamba pana magofu ya msikiti na makaburi ya Waislamu waliokufa zamani sana, na kwamba magofu hayo ni miongoni mwa mambo ya kale yanayohifadhiwa kwa sheria ya nchi.

Tuliondoka Temeke asubuhi ya Jumamosi, watu kumi na mmoja: wazee wawili, akina mama watatu, na watoto na vijana sita wa madrasa. Tulibadili gari Mwenge, tukashika Barabara ya Bagamoyo, tukapita Lugalo na Mbezi Beach mpaka Mtongani, na hapo tukageuka mkono wa kulia kuelekea baharini. Njia nzima ni nyumba na maduka, hata mtu hajui ni wapi mji ulipokoma. Hesabu ya mwaka 1957 ilikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika laki moja na nusu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa mzima. Mashamba ya minazi na ya mihogo waliyoyajua wazee wetu kwa majina yamekuwa viwanja, na viwanja vimekuwa majumba.

Mmoja wa wazee wetu akawakumbusha vijana jambo ambalo watu hulisahau. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wakati huo Kunduchi ulikuwa tayari mji mkongwe, una msikiti wa mawe na makaburi ya mababu wa mababu. Basi sisi huiita Kunduchi kitongoji cha Dar es Salaam, lakini kwa hesabu ya umri, Kunduchi ndiye bibi, na Dar es Salaam ndiye mjukuu.

Magofu yenyewe yamo baina ya mibuyu mikubwa na vichaka, si mbali na pwani. Tulipiga hodi kwa wenyeji na kuomba ruhusa, kama ipasavyo kwa mtu aingiaye mahali pa wenyewe. Akatutokea mzee mmoja, mvuvi aliyeiacha bahari kwa ajili ya uzee, amevaa kofia nyeupe na shuka. Vijana wakamwambia, "Shikamoo, babu." Akajibu, "Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni, lakini nendeni taratibu. Hapa watu wamelala." Hapo vijana walinyamaza wote, na hata yule mdogo aliyekuwa akikimbia mbele akarudi na kushika kanga ya mama yake.

Kwanza tuliuona msikiti. Wataalamu wa mambo ya kale huutia katika karne ya 15 au ya 16 ya Miladi. Paa halipo, na kuta zimeporomoka. Lakini kilichobakia chatosha kumwonyesha mtu kazi ya waashi wa zamani. Mawe ni ya matumbawe, ambayo pwani yetu imejaliwa kuwa nayo tele. Matumbawe ya baharini yakichimbwa mabichi huwa laini, fundi akayachonga atakavyo, kisha yakipata jua na upepo hukauka yakawa magumu. Chokaa hupatikana kwa mawe hayo hayo, yakichomwa juu ya tanuri la magogo. Na chumba cha nyumba ya zamani hakikuweza kuwa na upana autakao mtu, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake iliopewa na Mungu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani yote, tangu Lamu hata Kilwa, ni virefu na vyembamba.

Kijana mmoja akauliza ni upande gani watu walikuwa wakielekea katika sala, maadam kuta zimelala chini. Tukamwambia afikiri mwenyewe. Kutoka pwani yetu hii Makka iko kaskazini, karibu sawasawa. Akaitoa simu yake, akaitazama dira iliyomo ndani, akaelewa mara moja ni ukuta upi uliokuwa wa mbele. Tulifurahi kumwona akisimama mahali ambapo safu zilisimama kabla ya kuzaliwa babu wa babu yake, na kuelekea huko huko walikoelekea wao. Mambo mengi yamebadilika tangu siku zile, mavazi na vyombo na serikali, kibla hakikubadilika.

Kutoka msikitini tulikwenda makaburini. Haya yaliyo mengi ni ya karne ya 18 na ya 19. Mengine yamezungushiwa kuta za mawe zilizochongwa kwa ufundi, na mengine yamesimamishiwa nguzo ndefu upande wa kichwani, kama ilivyokuwa desturi ya watu wakubwa wa miji ya pwani. Katika nguzo na kuta hizo mafundi walipachika bakuli na sahani za sini, nyingine za buluu na nyeupe, zilizofinyangwa Uchina. Vyombo vingi havipo tena. Katika mahali pengi mtu huona shimo la duara tu, au kipande kilichobaki katika chokaa.

Akina mama ndio waliosimama muda mrefu zaidi mbele ya mashimo hayo, kwa kuwa wao wajua thamani ya chombo kizuri cha nyumbani. Mmoja akasema, "Bakuli hii ilisafiri kuliko sisi sote." Na kweli alisema. Chombo cha sini hakikuja Kunduchi kwa jahazi moja. Kilitoka katika tanuri la Uchina, kikapita mikononi mwa wafanya biashara wa bandari za Bara Hindi na za Ghuba, kisha kikaletwa pwani yetu kwa upepo wa kaskazi. Ulipoanza kusi, majahazi yalirudi na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Katika karne ya 19 ilitoka pia sandarusi iliyochimbwa katika ardhi ya Uzaramo, nyuma ya miji hii midogo. Na sandarusi hiyo ilifika hata Salem, mji wa bandari wa Marekani, ikatengenezwa vanishi ya kung'arishia mbao. Basi watu waliolala Kunduchi hawakuwa watu wasiojua dunia. Waliijua kwa bei zake, kwa pepo zake, na kwa lugha za mabaharia wake.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya swali ambalo limewagombanisha watu kwa miaka mingi: waliojenga miji hii walikuwa nani? Zamani waandishi wengi wa Kizungu walidai kwamba miji ya mawe ya pwani ilikuwa kazi ya wageni tu, na kwamba Mwafrika hakuwa na sehemu ndani yake. Wazee wetu kwa upande wao walisimulia habari za mababu waliotoka Shirazi, na Washomvi wa pwani hii wakataja asili ya Barawa. Wataalamu waliochimba ardhini wameonyesha kwamba miji hiyo ilianza kwa vijiji vya wenyeji vilivyokua kidogo kidogo. Na mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa vinasaba, uliotazama mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ukiwa mmoja wao. Ukaonyesha kwamba damu ya Afrika na damu ya Asia, hasa ya Uajemi, zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000 wa Miladi, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Kiafrika ilitoka kwa akina mama. Kwa hiyo masimulizi ya wazee hayakuwa uongo mtupu, wala madai ya kwamba miji ni ya wageni hayakuwa kweli. Mgeni alikuja, akaoa, akawa mwenyeji; na lugha waliyolelewa watoto wake ni lugha ya mama yao, yaani hii tunayoiandika.

Kijana mwingine, aliye hodari katika masomo yake ya dini, alikuwa akizitazama nguzo zile kwa uso wa mashaka. Akauliza, "Je, masheikh wetu hawatufundishi kwamba kaburi halifai kujengewa wala kupambwa? Mbona hawa walijenga hivi?" Tulilipenda swali lake, kwa kuwa aliuliza kwa adabu na kwa kutaka kujua. Mzee wetu akamjibu, "Mwanangu, jawabu la swali hilo linatuhusu sisi tulio hai: tusijenge namna hii leo. Ama waliokwisha tangulia, hesabu yao iko kwa Mola wao, wala hatukupewa sisi daftari lao. Na kulivunja kaburi la Mwislamu si kulirekebisha kosa. Ni kuongeza la pili."

Sisi twaongeza neno moja. Katika magofu mengi ya pwani, watu wengine huenda kufukiza ubani, kufunga vitambaa, na kuwaomba maiti haja zao. Hilo ni kosa la upande wa pili. Aliyezikwa hapo ni mja, kama sisi. Yeye ndiye mwenye kuhitaji dua yetu. Baina ya kuabudu magofu na kuyavunja pana njia ya katikati, nayo ni kuyazuru kwa salamu, kuwaombea waliomo, kukumbuka mauti, na kuondoka bila ya kuharibu kitu.

Je, ni nini kinachoviangamiza vitu hivi? Mtu hupenda kutaja maadui wakubwa, kama Wareno walioiteka na kuipora Kilwa mwaka 1505. Lakini uharibifu wa leo hauji na merikebu za vita. Mizizi ya miti hupenya baina ya mawe, na mvua huila chokaa. Pwani ya Kunduchi yenyewe imekuwa ikiliwa na bahari tangu miaka ya 1970, hata hoteli nzima ikapotea. Na miongoni mwa sababu walizozitaja wachunguzi ni mchanga unaochotwa katika vijito vinavyoteremka kuelekea pwani hiyo, mchanga ambao maji yangeupeleka ufukweni. Na mchanga huo umekwenda wapi? Umekwenda katika matofali ya nyumba za mji. Ndivyo mambo yalivyo: mji mpya hujengwa kwa kuumega ule wa kale, na mwenye kuumega hana nia mbaya; ataka chumba cha watoto wake tu.

Kisha pana mikono midogo. Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, yule mtoto mdogo, umri wake miaka tisa, akamwonyesha mama yake kigae cha sini, kidogo kama ukucha wa dole gumba, cheupe chenye mstari wa buluu. Alikiokota njiani, naye alitaka kwenda nacho nyumbani. Mama hakumkemea. Alimwuliza tu, "Hiki ni chako?" Mtoto akanyamaza. "Ni cha nani?" Akatazama makaburi, akasema, "Ni cha wale." "Basi kirudishe pale ulipokiokota, pale pale hasa, usitupe tu." Akaenda, akachutama, akakiweka.

Mama yule alihukumu kwa adabu ya nyumbani, lakini sheria ya nchi yasema kama alivyosema yeye. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, wala mtu haruhusiwi kuvichukua kama mali yake. Na sababu yake ni wazi. Kigae kikiwa mahali pake ni shahidi: mtaalamu aweza kujua kilikuwa katika tabaka gani la udongo, pamoja na vitu gani, na kwa hiyo ni cha zama zipi. Kikitiwa mfukoni huwa kigae tu.

Lakini jambo lililotutia huzuni zaidi siku ile halikuwa la mawe. Makaburi yaliyo mengi tuliyoyaona hayana jina linalosomeka. Tulimwuliza yule mzee wa Kunduchi kama yeye awajua waliozikwa humo. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Bibi yangu alikuwa akiwataja kwa majina, huyu fulani, na huyu nduguye. Mama yangu alijua nusu. Mimi najua mahali tu. Na mwanangu," akanyosha mkono kuelekea mjini, "yeye ajua njia ya kuja."

Ndugu msomaji, lipime neno hilo. Maisha ya watu wanne tu, tangu bibi hata mjukuu wake na mtoto wa mjukuu, yalitosha kuyapoteza majina ambayo nguzo za mawe zilisimamishwa ili yasipotee. Haikuwa vita, wala moto, wala gharika. Ilikuwa ni jioni nyingi ambazo mkubwa hakuulizwa, na mdogo hakuambiwa. Jiwe hulinda kaburi. Jina hulindwa na kinywa na kalamu, na vyote viwili vimo ndani ya nyumba.

Wala haya hayakutupata sisi peke yetu. Huko Meksiko, katika nchi ya milima ya Oaxaca, kuna mji wa kale uitwao Monte Albán, ulioanzishwa na watu wa kabila la Zapoteki yapata miaka 500 kabla ya Nabii Isa. Waliutengeneza juu ya kilele cha mlima walichokisawazisha, nao ulikaa zaidi ya miaka elfu kabla ya kuhamwa. Watu huvuka bahari kwenda kuutazama. Lakini Wazapoteki hawakwisha. Wajukuu zao wako mabondeni hata leo, na wengi wao bado husema lugha yao. Mgeni atazamaye mawe tu amekiona nusu ya kitu; nusu ya pili hukaa jikoni, husema na watoto, na huuza sokoni. Kunduchi ni vivyo hivyo. Wavuvi wanaovuta nyavu ufukweni huenda ndio wajukuu wa waliolala chini ya nguzo zile.

Basi twapendekeza mambo machache kwa kila nyumba. La kwanza, nendeni mkaone, nanyi mna nafasi ya kuchagua. Wa Kinondoni wana Kunduchi. Wa Temeke, wakivuka kwenda Kigamboni, watafika Mbwamaji, mji mwingine wa kale. Atakayekwenda Bagamoyo asikose kupita Kaole, penye magofu ya msikiti yanayotajwa kuwa miongoni mwa ya kale kabisa katika bara. Atakayekwenda Unguja na aende Kizimkazi, auone msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi. Na atakayejaliwa kufika Kilwa Kisiwani atasimama katika mji alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wake.

La pili, nendeni kwa adabu. Ombeni ruhusa, vaeni kwa heshima, toeni salamu kwa walio makaburini, msikae juu ya makaburi, msiandike majina yenu ukutani, na msichukue kitu. Mtoto akiuliza, ajibiwe. Na asiyejua jawabu aseme hajui, kisha amwulize ajuaye.

La tatu, na hili ndilo kubwa, jioni ya siku hiyo hiyo mkirudi nyumbani, toeni daftari. Mwulizeni babu na bibi majina ya wazee wao, walizaliwa wapi, walizikwa wapi, na kaburi liko chini ya mti gani. Andikeni pamoja na tarehe ya siku mliyoandika. Kama mna kitabu cha zamani kilichoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, msikiache kiliwe na mchwa kabatini. Mtafuteni mtu akusomeeni, na kijana mmoja wa nyumba ajifunze kukisoma. Kazi hii haitaki fedha, wala haingoji serikali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala Kunduchi, wale ambao majina yao twayajua na wale ambao majina yao ayajua Yeye peke yake. Na atujaalie sisi tuwe watu wa kuwakumbuka waliotutangulia, ili na sisi tupate wa kutukumbuka. Amin.